Mohamed Amin: wengi mnamjua kwa Korem, mimi namjua kwa makabati yake

Kinasa_Picha (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila inapotajwa njaa ya Ethiopia ya 1984, Mohamed Amin, mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa hiyo, anapewa sentensi mbili, halafu maongezi yanahamia kwa Bob Geldof na wanamuziki wake waliochangisha misaada. Huyu bwana anastahili uzi wake mwenyewe. Tena sisi wa Afrika Mashariki ndio wa kwanza kumzungumzia, maana alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na kampuni yake aliifungulia palepale Dar.

Kwa kifupi kwa wasiomjua: alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943, Eastleigh. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na kazi ikaihamishia familia Dar. Kamera aliishika akiwa bado mwanafunzi, na mwaka 1963, hajafika hata miaka ishirini na moja, akaanzisha Camerapix, hiyo kampuni yake ya picha.

Angalieni huo mwaka. Zanzibar inapata uhuru tarehe 10 Desemba, Kenya tarehe 12. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, mapinduzi Unguja. Wiki moja na siku kidogo baadaye, askari wa Tanganyika Rifles wanaasi Dar. Aprili, Muungano. Kijana mwenye kamera na njaa ya kazi, anayekaa Dar, alikuwa amekaa mlangoni mwa historia. Wakubwa wa habari wa London walikuwa wanatafuta mtu ambaye yuko karibu, anajua kupita, na anapokea simu saa yoyote. Wakampata.

Vijana wa siku hizi sijui kama mnaelewa kazi ilivyokuwa. Picha za tivii zilikuwa filamu ya milimita 16. Unapiga, huoni kitu. Filamu inatolewa kwenye kamera ndani ya mfuko mweusi, kwa kupapasa tu, inafungwa kwenye kopo, unakimbia nayo uwanja wa ndege kabla ndege ya jioni haijaondoka. Inasafishwa Ulaya. Wewe uliyepiga unaweza kukaa siku kadhaa hujui kama ulipata picha au ulipata ukungu. Kwa hiyo mpiga picha mzuri hakuwa mwenye jicho tu, alikuwa pia mtu wa kujuana na watu wa mizigo, marubani, maafisa wa forodha. Mo (ndivyo walivyomwita) alikuwa bingwa wa hilo kuliko mtu yeyote ukanda huu.

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya anapigwa risasi Nairobi, mchana wa Jumamosi, akitoka duka la dawa. Mo anafika dakika chache baadaye na anapiga. 1971 Idi Amin anapindua Uganda, Mo yuko huko. 1980 Idi Amin yuko uhamishoni Saudi Arabia, dunia nzima inajiuliza amejificha wapi. Brian Barron wa BBC anamkuta na kumhoji, na nyuma ya kamera ni Mo Amin. Majina yanafanana, undugu hakuna.

Halafu Oktoba 1984. Hapo nitapasemea peke yake.

Hoja yangu ni moja. Ile ripoti ya tivii ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia kwenye njaa, ni kubwa, sipingi. Lakini jambo la ajabu kuliko yote alilolifanya ni kwamba alikuwa mpiga picha wa Afrika aliyekuwa na kampuni yake, mikataba yake na maktaba yake. Picha za miaka zaidi ya thelathini ya bara hili zimebaki Nairobi, kwenye makabati ya Camerapix, mikononi mwa familia. Ukitaka kuona Afrika Mashariki ya miaka ya sitini kwa picha zinazotembea, sehemu nyingi utaambiwa nenda London, lipia. Hii moja iko hapa.

Karibuni.

Mjukuu_wa_Shangani

Uzi mzuri mkuu, nimevuta kiti.

Umeipita Zanzibar haraka mno. Miaka michache baada ya mapinduzi alikamatwa Unguja na kutiwa gereza la Kilimamigu. Alikaa karibu mwezi, akateswa, akatoka akiwa amekonda vibaya, akarudishwa Kenya. Alikuwa mgumu hata kabla ya hapo, ila mtu akishatoka Kilimamigu akarudi kubeba kamera, huyo humtishi tena na kitambulisho cha usalama wa taifa.

Wazee wetu kisiwani walikuwa hawalitaji hilo gereza ovyo. Nikisikia mtu anasema Mo Amin alikuwa na bahati ya kuwepo mahali sahihi, huwa nacheka.

Kinasa_Picha

Mjukuu, nashukuru. Niliogopa uzi ungekuwa mrefu nikapakanyaga juujuu.

Sasa Korem. Hali ilikuwa hivi. Mvua zilikuwa zimekosekana mikoa ya Wollo na Tigray, na juu yake kuna vita: serikali ya Mengistu upande mmoja, TPLF (waasi wa Tigray) na waasi wa Eritrea upande mwingine. Septemba 1984 Addis Ababa ilikuwa inasherehekea miaka kumi ya mapinduzi kwa gwaride na mapambo, huku kaskazini watu wanakufa. Wanahabari walikuwa hawapewi vibali vya kwenda kule. Mo alikuwa anajuana na watu Addis, akavisumbukia hivyo vibali mpaka vikatoka, akaingia pamoja na Michael Buerk wa BBC.

Ripoti ilirushwa tarehe 23 Oktoba 1984. Ina dakika kama saba. Kwa habari ya tivii hizo ni nyingi sana, kawaida unapewa mbili. Siku hiyohiyo NBC ya Marekani nayo ikairusha. Baada ya hapo vituo vingine mamia.

Naomba mwenye muda aitazame leo, lakini azime sauti. Nasema kweli, zima sauti. Inaanza alfajiri. Korem iko nyanda za juu, asubuhi ni baridi kali. Moshi na ukungu vimelala chini, na unachokiona kwanza ni kama mawe au mafurushi yametapakaa uwanjani. Kisha moja linajongea. Ni mtu amejifunika shuka. Kamera haimkimbilii yeyote. Inapita taratibu, na unagundua uwanja mzima ni watu. Baadaye inashuka, inakuwa usawa wa macho ya aliyekaa chini. Wapiga picha wengi husimama wima na kumtazama mwenye njaa toka juu, yeye alikuwa anachuchumaa.

Halafu kuna Mekele, yule muuguzi wa Msalaba Mwekundu, Claire Bertschinger, anapita kwenye mistari ya watoto kuchagua nani aingie kwenye chakula na nani abaki nje, kwa sababu chakula hakitoshi. Kamera iko palepale, haigeuki.

Mchokonozi

Mkuu Kinasa, umeandika vizuri lakini mimi nitakuharibia sherehe.

Hizo dakika saba ndizo zilizotufanya tuwe bara la watoto wenye matumbo makubwa na nzi usoni. Miaka arobaini baadaye, Mhabeshi akienda Ulaya bado anaulizwa habari za njaa. Kila shirika la misaada likajifunza: ukitaka hela, onyesha mtoto anayekufa. Mwalimu wa hilo somo ni nani?

Na kuna kubwa zaidi. Umeeleza vita hapo juu wewe mwenyewe. Je, mtazamaji wa London usiku ule aliondoka anajua kwamba serikali ilikuwa inatumia njaa kama silaha? Aliondoka anajua kuna ukame na watu wanyonge. Maelezo yaliifananisha na njaa za kwenye Biblia, yaani kama pigo la Mungu. Mengistu akafurahi. Misaada ikaja, serikali ikaitumia kuwahamisha watu wa kaskazini kwa nguvu kwenda kusini, na wengine wakafia njiani na huko walikopelekwa. Shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières, tawi la Ufaransa, walipolipigia kelele jambo hilo 1985 wakafukuzwa nchini.

Kwa hiyo urithi gani hapo?

Tatu_Mnyonge

Mchokonozi leo umeamka na watu 😂

Ila ana hoja yenye mashiko jamani.

Kinasa_Picha

Ana hoja, na siikimbii. Tuitenganishe tu.

Maneno ya ripoti ni ya Buerk. Mpiga picha haandiki maelezo. Ukitazama zile picha bila maneno huoni pigo la Mungu, unaona mahema machache, askari, foleni, orodha za majina. Unaona kuna mtu anaamua nani ale. Siasa imo ndani ya picha, maneno ndiyo yaliiacha nje. Na tuwe wa kweli: wangeeleza vita ya Tigray usiku ule, kibali cha pili kisingepatikana. Hayo ni mapatano ambayo kila mwanahabari anayafanya na anastahili kulaumiwa kwa hayo, lakini asilaumiwe kama vile alikuwa na chaguo la bure.

Hilo la mashirika kujifunza kuuza mtoto anayekufa, nakubali kabisa. Ila angalia nani aliuza. Picha ileile ikikatwa sekunde nne, ikawekewa muziki na namba ya akaunti, si picha ileile tena. Mo alimpa mtazamaji muda. Tangazo linamnyima.

Wimbo wa Band Aid, lile kundi la Geldof la kuchangia Ethiopia, ulirekodiwa tarehe 25 Novemba 1984, mwezi mmoja tu na siku mbili tangu ripoti irushwe. Tamasha la kuchangisha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985. Kutoka hapo hadithi ikawa ya Wembley, uwanja wa London lilikofanyika.

Mchokonozi

"Asilaumiwe kama vile alikuwa na chaguo la bure." Hiyo nimeichukua, nitaitumia kwenye uzi wa siasa.

Bado nasema angerudi na filamu ndefu iliyoeleza sababu. Alikuwa na kampuni, alikuwa na jina, nani angemkatalia?

Kinasa_Picha

Alirudi. 1985 alitoa African Calvary, filamu ya makala, ndefu kuliko habari. Nakubali haikuwa ya kuchimba siasa, ilikuwa ya kuwaamsha watu. Kipaji chake hakikuwa cha mchambuzi. Alikuwa mtu wa kufika, kupata, kutoka na kanda. Ukimtaka awe mwanazuoni utamwonea.

Kuna upande wake mwingine watu hawaujui: kitabu cha picha cha Hija ya Makka, 1978. Kingine cha watu wa Turkana, Cradle of Mankind, 1981. Kingine cha reli, Railway Across the Equator, 1986, nadhani hapo alikuwa anamlipa baba yake deni. Hao wote si wenye njaa. Ukisema alituchora sisi kama ombaomba, hivyo vitabu vitakusuta.

Lenzi_Imepasuka

Mimi ni mpiga video, harusi, send-off, na makala za mashirika. Hoja ya makabati ndiyo imenifanya niingie, maana nimepigika nayo.

Niliwahi kupewa kazi na kampuni moja ya nje, sitaitaja. Walitaka picha za wavuvi wa ziwani, msimu mzima. Kwenye mkataba kulikuwa na kifungu kinasema kila kitu nilichorekodi, pamoja na kile ambacho hakikutumika, ni mali yao milele na kila mahali ulimwenguni. Nikasaini, nilikuwa nataka hela. Wakachukua diski zote. Filamu yao ilitumia dakika arobaini na kitu. Zilizobaki, masaa na masaa, wazee wanaimba, wanatengeneza mitumbwi, bibi mmoja anaeleza jinsi soko lilivyohama, ziko kwenye seva ya watu mahali nisipopajua. Yule bibi amefariki. Mjukuu wake aliniomba kipande tu cha sauti yake. Nikawaandikia. Wakanipa bei.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna Mkenya aliyefanya kazi na Visnews (shirika la picha za habari la London) na BBC miaka hiyo na bado picha zikabaki kwake, mimi nauliza: alifanyaje?

Kinasa_Picha

Pole sana mkuu. Hilo la bibi limeniuma.

Alivyofanya, kwa jinsi ninavyoelewa biashara ile: hakuwa mfanyakazi anayengoja mshahara. Alikuwa na kampuni inayouza huduma. Shirika la habari la London linanunua haki ya kurusha habari leo, kwa sababu leo ndiyo inayowahusu. Kesho habari imekufa kwao. Kwake haikufa. Safari hiyohiyo aliyolipiwa na tivii, shingoni amening'iniza kamera ya picha za mnato, na hizo za mnato ni zake. Anauza kwenye magazeti, anaziweka kabatini, miaka kumi baadaye zinakuwa kitabu. Mwenzake Brian Tetley anaandika maneno, Camerapix inachapisha. Safari moja, mapato matatu.

Nguvu ya kusema "hiki hamchukui" aliipata kwa sababu walimhitaji kuliko alivyowahitaji. Wangempata nani mwingine wa kuingia Addis, Kampala, Mogadishu? Kijana anayeanza leo hana hiyo nguvu, ila kifungu cha visivyotumika anaweza kukipigania. Waambie: mnachotumia ni chenu, kisichotumika kinarudi kwangu baada ya miaka miwili. Wengine hukubali, wanashangaa tu hawajawahi kuulizwa.

Bi_Mwajuma

Wanangu, mnazungumza mikataba, hamjasema alivyokufa.

Tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopian, 961, ametoka Addis anarudi Nairobi. Vijana watatu wakaiteka, wakataka wapelekwe Australia. Rubani Leul Abate akawaambia mafuta hayatoshi, hawakumsikia. Ikaruka mpaka mafuta yakaisha, ikaangukia baharini karibu na ufuo wa hoteli ya Galawa, Ngazija. Walikuwamo watu 175, waliokufa 125. Wageni wa hoteli na wenyeji wakaingia majini kuokoa. Mo alikuwamo, na Tetley pia. Waliopona walisimulia kwamba alisimama akawakabili wale watekaji kwa maneno. Umri miaka 53.

Na lile tukio la ndege kugusa maji lilirekodiwa na mtalii aliyekuwa ufukweni. Mpaka leo linaonyeshwa. Mimi siwezi kulitazama.

Tatu_Mnyonge

Dah. Shikamoo Bi Mwajuma. Mimi ile video nimeiona mara nyingi tu, sikujua kuwa yumo ndani.

Mjukuu_wa_Shangani

Na hapo alikuwa na mkono mmoja. Juni 1991, waasi wameshaingia Addis, ghala la silaha likalipuka wakati Mo na wenzake wanarekodi. Mkono wa kushoto ukakatika. Akawekewa wa bandia, uliotengenezwa ili aweze kushika kamera, akarudi kazini. Mtu mwingine angesema basi, nakaa ofisini nahesabu hela.

Dada_Rekoda

Samahani wakuu, nimewasoma toka mwanzo na kuna jina halijatajwa. Mlipuko huohuo ulimuua John Mathai, fundi sauti wake. Mkenya. Kila makala inasema "Mo Amin alipoteza mkono", halafu kwenye mkia, kama wametaja, "na fundi sauti akafariki".

Mimi ni fundi sauti. Nawaambia mahali fundi sauti anaposimama: nyuma kidogo ya mpiga picha, pembeni, macho yako kwenye mita na masikio yamezibwa na hedifoni. Enzi zile mlikuwa mmeunganishwa kwa waya kutoka kwenye mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti) mpaka kwenye kamera. Mwenzako akikimbia unakimbia, akisimama unasimama. Unachokisikia ni kile tu maikrofoni inachosikia. Huoni kinachokuja.

Tukizungumza urithi wa mpiga makala yeyote, tuwataje na waliokuwa wamefungwa naye waya.

Kinasa_Picha

Dada_Rekoda, asante. Nakazia kila neno.

Mchokonozi

Haya, tumalizie makabati. Mtoto wake Salim ndiye anayeyasimamia, si ndiyo? Alitoa filamu ya Mo & Me, na kuna taasisi ya kufundisha vijana kwa jina la baba. Na maelfu ya picha za mnato wameziweka Google Arts & Culture, mtu yeyote anaona bure. Hapo nawavulia kofia. Lakini za mnato ni rahisi. Filamu na kanda je? Kanda ya 1985 leo unaichezea kwenye nini?

Lenzi_Imepasuka

Hapo ndipo kesi ilipo. Filamu ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu inaoza, inatoa harufu kali ya siki, inajikunja, inasinyaa mpaka haipiti tena kwenye meno ya mashine. Ikishaanza huirudishi nyuma, unaichelewesha tu kwa ubaridi. Na kopo moja linaambukiza majirani.

Kanda za video zina ugonjwa wake: gundi inayoshika ule unga wa sumaku inalainika, kanda inanata kwenye kichwa cha mashine. Na mashine zenyewe, U-matic na Betacam, viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Inayofanya kazi ni ya kuokoteza spea kwenye tatu zilizokufa.

Msifikiri ni tatizo la Afrika peke yake. BBC wenyewe miaka ya sitini na sabini walikuwa wanafuta kanda ili wazitumie tena, maana kanda ilikuwa ghali.

Tatu_Mnyonge

Swali la mshamba: baba yangu ameacha kanda za Betacam kwenye sanduku, alikuwa mpiga picha wa serikali mkoani. Zimekaa stoo miaka. Naweza kuzipeleka tu kwa fundi akazicheza?

Lenzi_Imepasuka

Usizicheze kwanza! Zitoe stoo, ziweke chumba kikavu kisicho na jua, zisimame wima kama vitabu, usizilaze. Kaa mbali na spika na sumaku yoyote. Fungua kifuniko cha kanda uangalie: ukiona unga mweupe ni kuvu, hiyo itenge na nyingine na usiiingize kwenye mashine ya mtu, utaua kichwa. Ambazo ni safi, mwambie fundi asafishe mashine kwanza, kisha acheze mara moja tu huku anarekodi kwenye kompyuta, maana mara ya pili huenda isiwepo.

Na andika sasa hivi kilichoandikwa kwenye lebo za makasha, kabla wino haujafutika. Kanda bila lebo hakuna atakayejua ni nini.

Tatu_Mnyonge

Nimeenda kufungua sanduku sasa hivi. Ziko kumi na moja. Mbili zina huo unga mweupe. Moja imeandikwa "Mwenge 1988 – mbichi". Nakuja PM mkuu.